Ngano na Ushahidi: Juu ya Riwaya ya John Boyne

Riwaya ya John Boyne, The Boy in the Striped Pyjamas, iliyotoka mwaka 2006, imefundishwa katika shule nyingi kama mlango wa kuingilia habari za Maangamizi ya Wayahudi. Mwandishi aliiita ngano. Yatupasa kuuliza kama jina hilo latosha kumwondolea deni la ukweli.

Bruno, mtoto wa miaka 9, ni mwana wa mkuu wa kambi ambayo msomaji aitambua kuwa Auschwitz. Bila kujua lolote juu ya Wayahudi, afanya urafiki na Shmuel, mtoto wa Kiyahudi aketiye peke yake nyuma ya seng'enge. Mwisho Bruno apenya chini yake, na wote wawili wafa katika chumba cha gesi ya sumu.

Tuyapime hayo. Seng'enge ile ilitiwa umeme na kulindwa. Watoto na vijana wa Kiyahudi wapatao 216,000 walipelekwa Auschwitz, na walio wengi wa umri wa Shmuel waliuawa mara walipofika. Naye Bruno atoka Berlin, ambako tangu Septemba 1941 Wayahudi walilazimishwa kuvaa nyota ya manjano, na shule zilifundisha chuki juu yao waziwazi.

Lugha yenyewe yaufichua udhaifu huo. Bruno huiita kambi “Out-With”, na Hitler “the Fury”, yaani ghadhabu. Mchezo huo wa sauti wawezekana kwa Kiingereza tu. Mtoto wa Kijerumani, aliyelisikia neno Führer kila siku, hangeteleza hivyo. Mfasiri wa Kiswahili ataona mara moja kuwa ujinga huo Bruno amevikwa tu.

Yaweza kujibiwa kwamba mtunzi ana ruhusa ya kubuni. Ni kweli. Imre Kertész, aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na miaka 14, naye alitunga riwaya, Sorstalanság, ya mwaka 1975. Lakini humo mvulana aponea kwa kudai kuwa ana miaka 16, kama wafungwa walivyomshauri. Ubunifu wake wasimama juu ya kanuni halisi ya mahali pale: umri uliamua uhai na kifo. Boyne ameiondoa kanuni hiyo ili hadithi yake ipate kuwapo.

Basi kosa la namna hii lipimwe kwa kuangalia lamfaa nani. Hapa jamii ya wauaji yaonekana haikujua, na machozi ya msomaji yamwendea mwana wa mkuu wa kambi, Shmuel akibaki kivuli. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalishauri kitabu hiki kiepukwe na kila asomaye au afundishaye historia hiyo. Ushauri huo ni wa haki, na mhakiki wa fasihi naye hana budi kuuzingatia.