Akaunti zilizofunguliwa kabla ya ukame

Wasanidi wengi wa programu huiona hifadhidata kama ghala la kutupia vitu. Skrini ndiyo kazi. Data itapangwa baadaye, na msimamizi wake ni mtu wa kuchelewesha mambo. Fikra hiyo ni kosa, na ushahidi uko Turkana, kaskazini mwa Kenya.

Tazama HSNP, mpango wa fedha za kukabiliana na njaa unaosimamiwa na NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, na ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir. Katika awamu ya pili, iliyoanza 2013, usajili haukuishia kwa kaya maskini zaidi zinazolipwa mara kwa mara. Kaya nyingine pia ziliorodheshwa, zikafunguliwa akaunti katika benki ya Equity ingawa hazikuwa na malipo ya kungojea. Hali ya mimea hupimwa kwa setilaiti. Kipimo kikionyesha ukame mkali katika kaunti ndogo, kaya hizo za ziada huingiziwa fedha. Hakuna anayeanza kuandikisha watu mifugo ikiwa inakufa. Uzuri wa mfumo huu wote umo katika rejesta, na hakuna skrini ambayo ingeweza kuuleta.

Ugumu nao ulikuwa humo humo. Akaunti hudai kitambulisho cha taifa, na wafugaji wengi hawakuwa nacho. Jina lipo kwenye orodha, malipo hayapiti. Msanidi akifanya namba ya kitambulisho iwe ya lazima, ameshaamua nani atakosa, pengine bila kujua kwamba ameamua.

Katika kambi ya Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka mji wa Lodwar, sharti hilo lingewafungia nje wakimbizi, kwa kuwa kitambulisho cha Mkenya si chao. WFP, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lilipoanzisha Bamba Chakula, mpango wa fedha za chakula kwa wakimbizi hao, mwaka 2015, lilipitisha fedha kwenye laini za Safaricom zilizotolewa kwa kazi hiyo, na kiasi kikafuata idadi ya watu wa kaya. Mtoto aliyezaliwa asiandikishwe hana mgao, hata programu ya malipo iwe nzuri namna gani. Anayejua pengo hilo ni mtunza rejesta.

Basi ninyi mnaojenga mifumo ya zahanati, basari na maji huko Lodwar na Kakuma, ketini na msimamizi wa hifadhidata kabla ya kuchora skrini ya kwanza. Muulizeni: ni nani hapa asiye na namba tunayotaka kuidai?