Dadu ya dola 40 kwenye ubao wa Bafwasende

Dadu yetu ilichongwa kwa mti mgumu, na matundu yake yalitobolewa kwa msumari uliotiwa motoni. Ubao ni kipande cha mbao kilichopakwa rangi nne, na kete ni vizibo vya bia ya Primus. Ndivyo tunavyocheza ludo Bafwasende, pale malori yanaposimama, kilomita zaidi ya 260 mashariki ya Kisangani kwa barabara ya kitaifa namba 4. Mvua ikishanyesha, dereva hulala hapo akingoja njia ikauke, kwa hiyo muda wa kucheza haukosekani. Basi binamu yangu aliporudi likizo kutoka Ubelgiji na dadu ya elektroniki mfukoni, kila mtu alisogea aione.

Ilikuwa nzuri kweli. Ukiirusha inametameta, na ikitulia namba inatokea kwenye simu. Aliinunua karibu dola 40. Tulicheza raundi mbili, kisha Papa mmoja anayeheshimiwa pale ubaoni akauliza: “Mwanangu, hiyo simu ni ya nani?” Binamu akasema ni yake. “Basi tuendelee na ile ya mti.”

Wengine walidhani mzee anaogopa vitu vipya. Mimi naona aligusa kiini cha jambo, na ukiifahamu dadu hiyo kwa ndani utaona kwa nini.

Ndani yake mna betri ndogo, taa za LED, redio ya Bluetooth na kihisi cha mwendo, cha aina ileile inayoifanya simu igeuze picha ukiilaza. Dadu ikibingirika kihisi kinapokea misukosuko tu. Ikitulia, kinachobaki kwenye kipimo ni nguvu ya dunia kuivuta chini, na kihisi kinaipima kwa mielekeo mitatu. Kwenye dadu ya pande sita, mwelekeo mmoja unasoma karibu nguvu yote na ile miwili inasoma karibu sifuri, hivyo hesabu ni nyepesi. Kwenye dadu ya pande 20, pande jirani zinaachana kwa nyuzi karibu 42 tu, na programu inalinganisha kipimo na jedwali la mielekeo 20 ili ijue upande upi uko juu.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Dadu hii haichagui namba. Namba inachaguliwa na mkono, meza na uzito, kama kwenye dadu ya mti, na umeme unakuja baadaye kuisoma. Programu ya simu inayotoa namba bila dadu ni kitu kingine kabisa, kwa sababu hiyo inachagua yenyewe. Kwa hiyo anayetoa dola 40 akitafuta haki amelipia macho, na macho tunayo. Tena betri na saketi ni mzigo ambao mtengenezaji lazima auweke katikati kwa ustadi mkubwa, wakati kipande cha plastiki kitupu hakina shida hiyo.

Je, dadu ya kawaida inapotoka kiasi gani? Mwaka 1894 Mwingereza W. F. R. Weldon alipata hesabu ya dadu 12 zilizorushwa pamoja mara 26,306. Namba 5 na 6 zilipaswa kutoka asilimia 33.33 ya mara zote, zikatoka asilimia 33.77. Maelezo yanayokubalika ni kwamba matundu yanapunguza uzito. Upande wa 6 una matundu mengi kuliko ule wa 1 unaoutazama, kwa hiyo unapenda kidogo kubaki juu. Lakini kidogo chenyewe ni kama mara nne na nusu za ziada ukirusha mara 1,000. Raundi yetu haifikii hata nusu ya idadi hiyo.

Hesabu za Weldon ndizo mwanatakwimu Karl Pearson alizozitumia mwaka 1900 alipoonyesha kipimo cha kai-skwea, na kwa kipimo hicho daftari na kalamu vinatosha. Rusha dadu mara 600. Kila namba unaitarajia mara 100. Chukua tofauti, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 100, kisha jumlisha zote sita. Ikizidi 11.07 una haki ya kushuku. Tuseme 6 imetoka mara 120 na nyingine 96 kila moja: unapata 4 kujumlisha 0.8, yaani 4.8. Mchezaji aliyeshindwa angeapa kwamba dadu imechezewa, na hesabu ingemwambia bado hana ushahidi.

Tena haki ya mchezo haitaki namba zote zilingane. Ludo, iliyosajiliwa Uingereza mwaka 1896, ni mtoto wa pachisi ya Wahindi, na pachisi inarushwa kwa makombe ya kauri. Rusha kauri sita, hesabu zilizofungua mdomo juu. Hata kama kila kauri ingeangukia pande zote mbili sawasawa, 3 ina njia 20 kati ya 64, na 6 ina njia moja tu. Watu wamecheza hivyo karne nyingi bila kulalamika, maana kauri ni zilezile kwa kila mkono, na zinaanguka mbele ya wote. Simu ya binamu ililivunja hilo la pili. Namba ilipitia kwenye kioo cha mmoja wa washindani.

Kuna mahali dadu hii inastahili bei yake. Anayecheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mwaka 1974 uliozoesha watu dadu ya pande 20, huenda wenzake wako miji mitatu tofauti, wanaonana kwa kompyuta. Dadu kama Pixels, iliyochangiwa fedha kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2021, inawatumia wote namba bila mtu kuitaja kwa mdomo. Hapo inanunua uaminifu ambao macho hayawezi kuutoa. Asiyeona naye anaweza kusomewa namba na simu, ingawa dadu yenye nundu za kupapasa inamfaa kwa bei ndogo. Lakini mnaokaa duara moja, mkichaji simu kwa sola na jenereta, kwa nini muongeze betri nyingine ya kulisha?

Kinachotishia ubao wetu zaidi ni mkono. Mwenye ujuzi anaweza kuilaza dadu badala ya kuirusha, na kihisi kinaweza kuisoma vizuri kabisa hata kama haikubingirika. Dawa yake ni kopo: tikisa, pindua, funua.

Na ile ya mti? Niliitia kwenye bakuli la maji. Ya plastiki ingehitaji maji yaliyokolezwa chumvi ndipo ielee. Hii ilielea yenyewe. Niliigusa kwa kidole mara nyingi, na mara nyingi ilizunguka taratibu ikainua 6. Jaribio hilo linaonyesha dadu inaelemea wapi, halisemi kwa kiasi gani, lakini Papa hakutaka kiasi. Alichukua kisu, akachonga nyingine, akaupima kila upande kwa uzi. Safari hii hakuutia msumari motoni. Alama alizipaka kwa rangi iliyobaki ya ubao, na tangu hapo tunairusha kwa kopo la nyanya.