Mganda ni Nani? Uhakiki wa Jina Moja Lenye Wenyewe Wawili

Makala haya yanahakiki matumizi ya jina Mganda katika Kiswahili sanifu. Kwa mwandishi wa habari wa Dar es Salaam au Nairobi, Mganda ni raia yeyote wa Uganda. Kwa Mwacholi wa Gulu, Mganda ni jirani yake wa kusini, mtu wa Buganda, na kuitwa hivyo ni kuvishwa kabila lisilo lake.

Chimbuko la utata huu limo katika Kiswahili chenyewe. Misafara ya karne ya 19 iliikuta nchi ambayo wenyeji waliiita Buganda, ikaiita Uganda, kwa kiambishi kile kile cha Unyamwezi na Ugogo. Waingereza walilipokea jina hilo kutoka vinywani mwa Waswahili. Himaya iliyotangazwa mwaka 1894 juu ya Buganda iliitwa Uganda, na ilipopanuka hadi Bunyoro, Busoga na Acholi, jina la nchi likapanuka nayo. Jina la mtu likabaki lile lile.

Inadaiwa kwamba muktadha hutosha kuondoa utata. Hoja hiyo ni dhaifu. Mganda wa mpunga haumsumbui mtu, kwani wingi wake ni miganda. Ngeli imekwisha kufanya kazi. Raia na mtu wa kabila wako katika ngeli moja na wingi mmoja. Sentensi kama “Waganda wanadai ardhi yao” ina maana mbili, na katika nchi yenye migogoro ya ardhi ya Buganda, tofauti hiyo si ya wanaisimu pekee.

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005. Sifa yake inayotajwa zaidi ni kwamba si lugha ya kabila lolote nchini humo; hata hivyo, humwita kila raia kwa jina la kabila moja. Kiganda chenyewe, ambacho kingeweza kunufaika na mkanganyiko huo, kimekwisha kuutatua: Muganda ni wa kabila, Munnayuganda ni wa nchi.

Pendekezo la kuandika Muganda kwa kabila na Mganda kwa raia linafaa kwenye karatasi, lakini redioni irabu moja hupotea. Mwanauganda, kwa mfano wa mwananchi, lina nguvu zaidi, ingawa bado ni geni masikioni. Kamusi itakayolikubali italazimika kumgusa Mnyarwanda pia: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja Banyarwanda miongoni mwa jamii asilia za nchi hiyo, ilhali Kiswahili kinawajua kama raia wa nchi jirani.