"Wuthering Heights" ya Kate Bush: Riwaya Inapogeuka Wimbo

Mwanafunzi akitakiwa kugeuza riwaya kuwa shairi au wimbo, mara nyingi hutuletea muhtasari. Wahusika wote wamo na matukio yote yamo, lakini hakuna anayesema. Katika makala hii fupi tunahakiki wimbo wa Kiingereza ambao, kwa maoni yetu, uliukwepa mtego huo. Tunautumia kama mfano wa mwingilianomatini kwa walimu na wanafunzi wa fasihi.

Wimbo wenyewe ni "Wuthering Heights" wa Mwingereza Kate Bush, uliotoka kwenye santuri Januari 1978. Bush aliutunga akiwa na umri wa miaka 18, na Machi mwaka huo ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza kwa wiki 4. Kabla yake hakukuwa na mwanamke aliyewahi kufika hapo Uingereza kwa wimbo alioutunga na kuuimba mwenyewe. Jina la wimbo ni la riwaya ya Emily Brontë iliyochapishwa mwaka 1847, inayosimulia mapenzi na kisasi kati ya Catherine Earnshaw na Heathcliff katika nyanda za upepo za Yorkshire.

Swali la kwanza la mhakiki ni hili: nani anasema? Katika riwaya, Catherine hatufikii moja kwa moja. Maisha yake yanasimuliwa na mtumishi Nelly Dean, naye Nelly anamsimulia mpangaji Lockwood, ambaye ndiye anayetuandikia. Hata mzuka wake tunaupata kupitia kwa Lockwood. Katika sura ya tatu, Lockwood amekwama kwa theluji na analala katika chumba cha zamani cha Catherine. Katika ndoto ya kutisha anavunja kioo ili azuie tawi linalogonga dirisha, na badala yake anashikwa na mkono mdogo wa baridi. Kwa hofu anausugua mkono huo kwenye kioo kilichovunjika mpaka damu inatoka.

Bush ameichukua sehemu hii tu, kisha akahamisha mahali pa nafsineni. Lockwood ameondolewa, Nelly ameondolewa, na anayesema sasa ni mzuka wenyewe ulio nje ya dirisha. Anamwita Heathcliff kwa jina, anajitaja, anaeleza baridi anayoisikia na anaomba afunguliwe. Heathcliff hajibu. Katika riwaya, Heathcliff anaposikia habari ya ndoto hiyo hufungua dirisha na kumlilia Catherine aingie, na wakati huo nje hakuna mtu. Brontë ametuonyesha wawili wanaoitana pasipo kukutana. Bush ametubakizia mwito mmoja. Kupunguza huku ndiko kunakoupa wimbo nguvu.

Jambo la pili ni sauti. Wapo waliouona uimbaji huu wa juu sana kuwa kioja. Sisi tunaona una msingi katika matini: uso ambao Lockwood anauona dirishani ni uso wa mtoto. Sauti nyembamba inayopanda ghafla inalingana na mtoto aliyepotea nje usiku. Ushahidi mzuri ni kwamba mwaka 1986, katika albamu ya The Whole Story, Bush aliuimba upya wimbo huuhuu kwa sauti iliyokomaa. Maneno ni yaleyale, lakini anayeomba kufunguliwa anasikika kama mwanamke mtu mzima, na hofu ya toleo la kwanza imepungua. Katika fasihi inayoimbwa, sauti ni sehemu ya maana.

Hata hivyo, wimbo una upungufu. Kweli hauyafanyi mapenzi haya kuwa matamu matupu, maana nafsineni anakiri chuki na wivu, na anataka kuichukua roho ya mpenzi wake. Lakini chanzo cha balaa hakimo. Catherine aliolewa na tajiri Edgar Linton kwa kuwa aliona kuolewa na Heathcliff kungemshusha hadhi. Tabaka na mali ndizo zilizowatenganisha. Wala hatuusikii ukatili wa Heathcliff, ambaye baadaye anamfungia binti ya Catherine ili amlazimishe kuolewa na mwanawe. Anayeujua wimbo peke yake atadhani kifo ndicho kilichowatenga. Kwa hiyo mwalimu asikubali wimbo uchukue nafasi ya kitabu.

Pamoja na hayo, mbinu yake inafaa darasani kwetu. Tuchukue Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya ya mwaka 1971. Badala ya kuwataka wanafunzi waimbe maisha yote ya Rosa, tuwaombe wachague saa moja na mtu mmoja, kwa mfano mama yake, Regina, mke wa mlevi Zakaria. Wamwache aseme mwenyewe bila msimulizi. Halafu waandike aya moja kueleza ni nini wamekiacha nje na kwa nini. Aya hiyo ndiyo itakayotuonyesha kama riwaya wameisoma.