Uzi na Wasifu: Uhakiki wa Nafasi ya Majukwaa ya Mijadala katika Dhana ya Mitandao ya Kijamii

Utangulizi

Katika kazi za kitaaluma zinazochunguza Kiswahili cha mtandaoni, ni jambo la kawaida kukuta Facebook, WhatsApp na JamiiForums zikitajwa katika sentensi moja, chini ya istilahi moja ya mitandao ya kijamii. Data hukusanywa kutoka kote, huchanganywa, kisha huhitimishwa kwamba hiyo ndiyo lugha ya mitandao. Uhakiki huu unahoji mazoea hayo. Hoja yake ni kwamba jukwaa la mjadala ni chombo cha mawasiliano ya kijamii, lakini si mtandao wa kijamii kwa maana mahususi ya istilahi hiyo. Kutotenganisha mambo haya mawili kunaathiri usomaji wa matini na, zaidi ya hapo, usalama wa watu walioziandika.

Istilahi na Mipaka Yake

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko ni tafsiri. Kiingereza kina istilahi mbili: moja hurejelea vyombo vyote ambavyo maudhui yake huundwa na watumiaji wenyewe, na nyingine hurejelea tovuti zinazojengwa juu ya uhusiano baina ya watu. Katika matumizi ya kila siku, Kiswahili kimezibebesha zote mbili istilahi moja. Tena, neno mtandao hutumika pia kwa maana ya intaneti nzima. Hivyo, msomaji hukubali kwa urahisi kwamba chochote kilichoko mtandaoni na kinachokutanisha jamii ni mtandao wa kijamii.

Wataalamu wanaonukuliwa mara kwa mara hawakubaliani na urahisi huo. danah boyd na Nicole Ellison (2007) wanaueleza mtandao wa kijamii kwa sifa tatu: mtumiaji huunda wasifu wake, huonesha orodha ya watu anaohusiana nao, na huweza kupitia orodha hiyo pamoja na za wenzake. Kwa kipimo hiki, nguzo ya mtandao ni mtu. Andreas Kaplan na Michael Haenlein (2010), kwa upande wao, wanafafanua dhana pana zaidi, ambayo kigezo chake kikuu ni maudhui yanayoundwa na kubadilishanwa na watumiaji. Wanapoeleza historia yake wanaanzia Usenet ya mwaka 1979, ambayo kwa hakika ilikuwa mfumo wa mijadala. Hata hivyo, katika makundi sita wanayoyaorodhesha, jukwaa la mjadala halina kundi lake. Kwa hiyo, mzazi anatajwa katika ukoo, lakini hagawiwi chumba katika nyumba.

Mada Kabla ya Mtu

JamiiForums, iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, inadhihirisha tofauti hiyo vizuri. Mgeni anayeingia humo hakutani kwanza na watu; hukutana na vyumba vya mada: siasa, lugha, mapenzi, biashara. Ndani ya kila chumba kuna nyuzi. Mtu huanzisha uzi kwa bandiko moja, wengine hujibu kwa kufuatana, wakinukuu maneno ya waliotangulia. Uzi huweza kulala miaka mingi kisha ukafukuliwa na msomaji asiyemjua hata mmoja wa wachangiaji wake wa awali. Kinachowaunganisha ni hoja, si urafiki.

Muundo huo hauiachi lugha ilivyo. Katika ukurasa wa Facebook, mwandishi huwaandikia watu wanaomfahamu: yumo shangazi, yumo mwalimu wake wa zamani, wamo majirani. Adabu ya umri na ukoo humfuata hadi humo. Kwenye jukwaa, wachangiaji wengi hutumia majina bandia, na umri, jinsia au cheo cha mtu havijulikani. Ndiyo maana neno mkuu limeenea kama namna ya kuitana. Humpa heshima kila mtu bila kumuuliza ni nani. Mtafiti anayehesabu neno hilo kama mfano tu wa misimu ya mitandaoni anaipoteza maana yake, kwani ni suluhisho la kiisimujamii kwa tatizo la kuzungumza na usiyemwona.

Aidha, jadi ya namna hii si ngeni katika Kiswahili. Kurasa za mashairi za magazeti, likiwamo Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, zilikuwa uwanja wa majibizano. Mshairi aliuliza, mwingine wa mji wa mbali akajibu, wa tatu akapinga, na wengi walijulikana kwa lakabu zao. Kabla ya hapo lilikuwapo baraza la nyumba ya pwani, mahali ambapo mpita njia angeweza kuketi na kuchangia mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Jukwaa la mjadala lina undugu wa karibu zaidi na uwanja huo wa majibizano kuliko na orodha ya marafiki.

Gharama ya Uainishaji

Huenda ikadaiwa kwamba mipaka hii imekwisha kufifia. Facebook ina makundi ya mijadala. X (zamani Twitter) ina watu wasiotaja majina yao. Nayo majukwaa yameongeza vitufe vya kupenda na kufuatana. Dai hili lina ukweli, lakini linachanganya zana na mhimili. Swali si iwapo chombo kina kitufe fulani, bali ni kitu gani kitabaki kikiondolewa. Uhusiano wa watu ukiondolewa, ukurasa wa Facebook hubaki mtupu. Ukiondolewa kwenye jukwaa, uzi bado husomeka.

Sheria yenyewe iliiona tofauti hiyo. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilitaja majukwaa ya mtandaoni na mitandao ya kijamii kama makundi mawili. Wamiliki wa majukwaa, pamoja na wa blogu, redio na televisheni za mtandaoni, walitakiwa kujisajili, na Juni mwaka huo JamiiForums ilisimamisha huduma kwa muda. Kabla ya hapo, Desemba 2016, mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikuwa amefikishwa mahakamani. Miongoni mwa mashtaka yake ni kuzuia uchunguzi kwa kutotoa taarifa za watumiaji, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tukio hilo linaonesha uzito wa suala hili: pale ambapo msemaji hajulikani, anayeulizwa ni mwenye baraza.

Mtafiti naye hayuko nje ya suala hili. Anayenukuu bandiko la jukwaani pamoja na jina bandia, tarehe na kiungo chake, kwa kudhani kwamba ni sawa na tangazo la hadharani, huweza kumfichua mtu aliyezungumza kwa sharti la kutojulikana. Ridhaa inayohitajika hapo si ile ya mwenye ukurasa aliyeandika kwa jina lake.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba jukwaa la mjadala linastahili kuhesabiwa miongoni mwa vyombo vya kijamii, na kwa umri linatangulia vingi kati ya hivyo. Hata hivyo, kuliita mtandao wa kijamii ni kulipima kwa wasifu ilhali limejengwa kwa uzi. Tasnifu za Kiswahili zitanufaika zikitaja wazi data imetoka kwenye chombo cha aina gani, nani alikuwa akimwandikia nani, na kwa jina lipi. Bila maelezo hayo, matokeo yataihusu lugha isiyo na wasemaji, na wasemaji wenyewe watabaki bila kinga.