Jagina wa Serikali: Tahakiki ya The Ultimates na Suala la Ushujaa katika Mighani

Mighani ni utanzu ambao watahiniwa wengi huudhania kuwa rahisi. Swali likiuliza sifa za jagina, mtahiniwa huorodhesha bila kusita: jagina huwa na nguvu zisizo za kawaida, jagina huitetea jamii yake, jagina huwa na siri ya udhaifu wake, jagina hufa kwa kusalitiwa. Alama anapata. Hata hivyo, sifa ya pili kati ya hizo ina utata ambao majibu ya kukariri huufunika. Jagina huitetea jamii, sawa. Lakini ni nani anayemwonyesha adui? Katika makala haya tunanuia kulichunguza swali hilo kupitia kazi ambayo haimo miongoni mwa vitabu teule wala haikuandikwa kwa Kiswahili, ila wahusika wake wanafahamika kwa wanafunzi wetu kuliko anavyofahamika Fumo Liyongo. (Mwalimu anayelitilia shaka hilo na awaulize wanafunzi wa kidato cha pili Thor ni nani, kisha awaulize Mringwari ni nani.)

Kazi yenyewe ni The Ultimates, hadithi ya vibonzo iliyoandikwa na Mskoti Mark Millar, ikachorwa na Mwingereza Bryan Hitch na kuchapishwa na kampuni ya Marvel ya Marekani. Sehemu ya kwanza ilitoka katika matoleo 13 kati ya 2002 na 2004. Ya pili, nayo ya matoleo 13, kati ya 2004 na 2007. Filamu ya The Avengers ya mwaka 2012 imechota mengi humo. Hata sura ya mhusika Nick Fury katika filamu ilianzia hapa: Hitch alimchora kwa kuufuata uso wa mwigizaji Samuel L. Jackson, naye Jackson akaja kuuigiza uhusika huo mwaka 2008.

Msuko ni huu. Serikali ya Marekani inaamua kuunda kikosi cha watu wenye uwezo usio wa kawaida ili kuilinda nchi. Fury, mkuu wa shirika la kijasusi liitwalo S.H.I.E.L.D., anamwagiwa mabilioni ya dola. Anamsajili Captain America, askari wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia aliyegandishwa barafuni tangu 1945. Tony Stark, tajiri mpenda pombe aliyejiundia vazi la chuma. Hank Pym na mkewe Janet, wanasayansi wote wawili. Na Bruce Banner, mwanasayansi dhaifu anayebeba ndani yake jitu liitwalo Hulk. Kikosi kina makao ya kifahari, sare, na hata msemaji wa kukisafishia jina mbele ya wanahabari, Bi. Betty Ross. Rais George W. Bush mwenyewe anachorwa akiwapa mkono. Kila kitu kipo isipokuwa kimoja: adui hayupo.

Hapa ndipo Millar anapoonyesha ukomavu wake. Banner, mtu aliyedharauliwa na kila mmoja, anajidunga dawa na kugeuka Hulk kusudi kikosi kipate mtu wa kupigana naye. Mamia ya watu wanakufa jijini New York. Wenzake wanamshinda, umma unawashangilia, na serikali inauficha ukweli kwamba jitu lililoua raia lilikuwa mfanyakazi wake wa kulipwa. Kinaya hiki ndicho uti wa mgongo wa kazi nzima. Mtahiniwa anayetafuta mfano wa kinaya cha hali, yaani matukio kuwa kinyume kabisa na matarajio, hatapata ulio wazi kuliko huu: kikosi cha kuzima moto kinawasha nyumba, kinaizima, kisha kinapewa nishani. Haya yote yanatendeka mapema katika sehemu ya kwanza, kabla ya kikosi kuwakabili Wachitauri, wavamizi kutoka anga za mbali. Vita hivyo dhidi ya Wachitauri vimepewa kurasa nyingi, navyo vinasisimua, lakini kwa mhakiki havina uzito wa kile kisa cha Banner.

Tumtazame sasa mhusika Thor, ambaye kwa maoni yetu ndiye anayeikaribia zaidi mighani yetu. Thor anadai kuwa yeye ni mwana wa mungu, ila wengi humwona kama mgonjwa wa akili. Anakataa katakata kuajiriwa. Siku Hulk anapovuruga jiji, anakubali kusaidia kwa sharti kwamba Rais aongeze maradufu fedha za misaada kwa nchi za nje. Katika sehemu ya pili, kikosi kinapoanza kutumwa ng'ambo, Thor anajitenga nacho na kuandamana na wapinzani wa sera hiyo. Matokeo yake? Wenzake wa jana wanatumwa kumkamata, wanampiga, na anafungiwa kama mwendawazimu. Nyuma ya njama hiyo yupo ndugu yake, Loki.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuusoma ukurasa huo asimkumbuke Liyongo. Katika utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mtawala wa Pate anamwogopa Liyongo kwa sababu nguvu zake hazimo mkononi mwa mtawala. Liyongo anatiwa gerezani. Anatoroka kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate ulioletwa na kijakazi Saada. Baadaye mtawala anamrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya mke na cheo, naye anamdunga babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Tofauti iliyopo kati ya Liyongo na Captain America basi haimo katika nguvu za mwili. Imo katika uhusiano wao na dola. Liyongo ni jagina licha ya mtawala. Captain America ni jagina kwa hati ya mtawala: nguvu zake zilitengenezwa katika maabara ya jeshi, na ngao yake ina rangi za bendera. Luanda Magere wa Waluo yuko upande wa Liyongo. Mwili wake wa jiwe hakuazimwa na yeyote, na siri ya kivuli chake ilipotoboka hakukuwa na ofisi ya kuunda mwingine.

Tukifika sehemu ya pili, dhamira inahama kutoka nyumbani hadi ng'ambo. Hadithi inafunguka Captain America akiwakomboa mateka nchini Iraki, jambo linalozua mjadala mkali: si kikosi hiki kiliambiwa walipakodi kuwa ni cha kuilinda nchi yao tu? Baadaye kikosi kizima kinaingia katika nchi moja ya Mashariki ya Kati na kuipokonya silaha zake za nyuklia. Kazi inakwisha upesi na kwa madaha. Hapo ndipo nchi nyingine, zikiwemo Urusi, Uchina na Korea Kaskazini, zinapochangia watu kuunda kikosi chao cha majitu. Kikosi hicho kinaivamia Marekani kwa sababu ile ile aliyoitumia Fury: kuwaondolea walimwengu tishio. Kinaongozwa na Abdul al-Rahman, kijana aliyekubali kugeuzwa nakala ya Captain America.

Mbinu iliyotumika hapa ni ya kioo. Kila alichokifanya mvamizi kinarudishiwa mlangoni pake: majitu yanashuka kutoka angani, bendera ya mgeni inapepea, mashujaa wa nchi wanafungwa minyororo. Mwandishi hamhubirii msomaji. Anampa picha ile ile mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, na kumwachia alinganishe. Walimu tunaohangaika kuwaeleza wanafunzi tofauti kati ya dhamira na maudhui tunaweza kuitumia sehemu hii bila maneno mengi.

Hata hivyo, kazi hii ina dosari, na si ndogo. Ile nchi ya Mashariki ya Kati haina jina. Mbaya zaidi, hatumpati humo mama, mtoto wala mchuuzi wa sokoni anayejengwa kama mhusika na kusema yaliyompata siku ile majitu yalipotua. Ukimlinganisha Millar na mapokeo ya Liyongo, pengo hili linadhihirika. Liyongo anapokufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, wanawake wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Mtunzi anatulazimisha kuona jinsi kifo cha mtu mkubwa kinavyougusa mtungi wa maji wa mtu mdogo. Millar anawakumbuka wadogo wa New York, kwa kuwa waliouawa na Hulk wanaombolezwa. Wadogo wa ng'ambo hawakumbuki.

Dosari ya pili ni wahusika wa kikosi cha wavamizi. Mbali na Abdul, wote ni wahusika bapa wanaowakilisha tu mataifa yao. Na huyo Abdul, mwenye hoja nzito kuliko mtu yeyote kitabuni, hajibiwi kwa hoja. Anauawa na Captain America. Mwandishi aliyeuliza swali zuri amemwachia Hitch alijibu kwa ngumi zilizochorwa kwa ustadi mno, hata msomaji anasahau kwamba kulikuwa na swali. Aidha, tuliangalie suala la jinsia: Janet anapigwa na mumewe hadi anapelekwa hospitalini, na jibu la kitabu ni Captain America kwenda kumpiga mume huyo. Natasha naye, mwanamke Mrusi, ndiye anayefanywa msaliti. Ni njia ya mkato, na mwanafunzi anayeandika insha ya uhusika wa kike hana budi kuitaja.

Mwishoni, baada ya wavamizi kushindwa, kikosi kinaamua kujiondoa serikalini na kufadhiliwa na Tony Stark. Baadhi ya wasomaji hulichukua hili kama ushindi wa uhuru. Sisi tunaona kuwa kikosi kimehamia tu kwa mlipaji mwingine, tena ambaye hakupigiwa kura na mtu.

Yapo maoni kuwa kazi za aina hii hazina nafasi darasani kwa sababu ni za kigeni. Lakini wanafunzi wetu wanaishi katika nchi ambayo wanajeshi wake waliingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi, na ambayo askari polisi wake walipelekwa Haiti Juni 2024. Wapo darasani wenye baba, shangazi au kaka waliokwenda. Hao hawalijadili suala la kutumwa ng'ambo kama ndoto ya Wamarekani. Mwalimu mwenye busara atalitanguliza somo hili kwa upole, asimlazimishe yeyote kusema ya nyumbani kwao, na atawaacha wazungumze kupitia Thor na Liyongo.

Kwa wanaojiandaa kwa karatasi ya tatu, swali la kujaribia ni hili: "Captain America si jagina, ni askari aliyeajiriwa." Jadili kauli hii ukirejelea sifa za majagina wa mighani wawili uliowasoma. (alama 20)