Jiko Lililoficha Moto

Mwaka 1966 kampuni ya Corning ya jimbo la New York, Marekani, ilileta sokoni jiko la umeme ambalo juu yake hapakuwa na kitu. Hapakuwa na koili, chuma cha kuinjikia, wala shimo la kumeza mchuzi uliofurika. Palikuwa na bamba moja jeupe, laini, lililolala sawasawa na meza, na juu yake alama za jua lenye miale. Waliliuza kama kaunta inayopika, na jina hilo linaeleza fani yake kuliko maelezo yote ya kiufundi: ni jiko lililoundwa lisionekane kuwa jiko.

Weupe ule haukupakwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia wa Corning, S. Donald Stookey, alitia kipande cha kioo tanurini kwa nyuzi 600 za Selsiasi. Tanuri likaharibika, joto likapanda hadi 900. Alitegemea kukuta uji wa kioo. Akakuta bamba jeupe gumu, likamponyoka kwenye koleo, likaanguka sakafuni na halikuvunjika. Kioo kilikuwa kimejaa fuwele ndogo mno na kugeuka kauri. Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana Pyroceram, kauri ambayo karibu haitanuki inapopata joto. Ikatengenezewa bakuli za CorningWare mwaka 1958, halafu jiko.

Mhakiki mvivu ataishia kwenye ulaini na kusema ni urembo wa zama zile za vyombo vya anga. Mimi nadhani ustadi wa jiko hili uko kwenye lile jua. Alama hiyo kwanza inamwonyesha mpishi mahali pa kuweka chungu, kwa sababu bamba lote linafanana. Kisha, joto likikolea, weupe hugeuka manjano. Likipoa, weupe hurudi. Yaani pambo ni onyo pia. Mbuni aliyeuficha moto alijua kwamba moto uliofichwa huunguza mikono ya watu, akakiacha kitu chenyewe kiseme. Ni nadra kuona fani na maudhui vikishikana hivyo kwenye kifaa cha jikoni.

Lilinganishe na mrithi wake. Mwaka 1971 kampuni ya Schott ya Ujerumani ilitoa Ceran, bamba jeusi ambalo leo limejaa katika maduka ya vyombo vya umeme duniani, yakiwemo ya Nairobi na Dar es Salaam. Fuwele zake ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo mionzi ya joto hupenya na wekundu wa koili huonekana kwa chini. Kwa upishi limeshinda: linapata moto haraka, ilhali Pyroceram hujivuta kupata joto na hujivuta kulipoteza. Lakini koili ikizimwa, wekundu hutoweka na bamba hubaki jeusi vilevile, lingali moto wa kuunguza. Ndiyo maana watengenezaji huongeza kitaa kidogo cha kutahadharisha. Kitaa hicho ni maelezo ya pembeni kwa matini isiyojieleza yenyewe.

Ulaini, hata hivyo, una bei, na anayeilipa ni mwenye jiko. Bamba bapa linataka kitako bapa, kwa sababu joto hupita pale tu vinapogusana. Corning walilijua hilo, wakauza vyungu vyao maalumu, Cookmates, vilivyosagwa kitako hadi vikawa sawasawa kabisa. Sufuria ya alumini iliyokwisha kutuna kitako kwa miaka ya kuni na mkaa itayumba hapo juu, itachelewa kuchemka, na itaacha michirizi ya kijivu. Chuma cha kusubu nacho hukwaruza kikiburutwa. Kwa hiyo jiko linalojifanya halipo linaamuru kabati zima la vyombo.

Adui mkubwa wa bamba ni sukari. Sharubati au jamu ikifurika, ikaachwa ipoe, huganda na kioo na kukimegua inapobanduka. Ikwanguliwe kwa wembe uliolazwa chini, wakati bado ni ya moto, mkono ukiwa umekingwa. Mengine ni madogo: kitambaa laini, siki kwa madoa ya maji, na waya wa kusugulia masufuria ukae mbali kabisa.

Mahali fani hii inapoanguka ni kwenye matengenezo. Jiko la koili la Marekani limeandikwa kwa beti zinazojitegemea: koili moja ikiungua unaichomoa, unachomeka nyingine, upishi unaendelea. Jiko la Corning halina pa kukata. Nyaya za chini hubadilishwa na fundi mwenye subira, lakini bamba likipasuka halizibiki kwa gundi yoyote, na mabamba meupe ya namna ile hayatengenezwi tena. Wenye majiko haya leo hununua jiko la pili, bovu, ili tu walivue uso. Kuna kinaya kidogo hapo: kitu kilichosifiwa kwa kutokuwa na vipande kinaishi kwa vipande vya wenzake.

Bado nalipa jiko hili jeupe nafasi ya juu kuliko jeusi lililolifuata. Linachafuka waziwazi na kuonya waziwazi, na macho hayahitaji kufundishwa kulisoma. Kama unalo, au umepata la kununua, lipashe sehemu moja baada ya nyingine na utazame kama manjano inatokea na kurudi nyuma. Kisha lipoe, upitishe ukucha juu ya bamba zima. Ukikuta ufa, hata mwembamba kama unywele, usilipikie: maji yakipenya hapo yanakutana na umeme.